Boriti za ghala: mbao ya mkalitusi, chuma au zege?

Mjenzi wa Kasese
Habari zenu, ndugu. Tunajenga ghala la mahindi ambalo juu litakuwa na sakafu ya mbao ya kupangia magunia, na kutoka ukuta mmoja hadi wa pili ni mita 4. Fundi wetu anataka mbao za mkalitusi za inchi 6 kwa 2, jirani anasisitiza chuma, na wengine wanasema tumwage zege. Zote tatu huenda zisivunjike. Ninachoomba kujua ni ipi haitanepa magunia yakikaa juu yake msimu mzima.

Mwalimu wa Fizikia, Mbale
Ndugu yangu, umetenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Nguvu ya kitu hupimwa kwa mzigo unaokiharibu, ilhali ukakamavu hupimwa kwa jinsi kinavyokataa kubadilika umbo kabla hakijafika huko. Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba kitu kinachovutwa hurefuka kulingana na nguvu inayokivuta: ukiongeza mzigo mara mbili, badiliko nalo huwa mara mbili, na ukiuondoa kitu hurudi kilivyokuwa, mradi hakijapita kikomo chake. Ukakamavu wa chuma ni takriban gigapaskali 200, na wa mkalitusi mkavu ni kati ya 10 na 15 hivi, kwa hiyo boriti mbili zenye umbo na vipimo sawa, moja ya chuma na moja ya mbao, zikibeba mzigo ule ule, ya mbao itanepa zaidi ya mara kumi.

Mchomeleaji, Jinja
Naunga mkono chuma, lakini naomba usiuziwe chuma cha bei kubwa kwa ahadi kwamba kitanepa kidogo. Chuma laini huanza kuharibika kwenye mkazo wa megapaskali 250 hivi, na kile cha nguvu zaidi hufika hata 500, ila ukakamavu wa vyote viwili ni ule ule. Mtazame fundi anayekunja nondo mezani: huipitisha kidogo pembe anayoitaka, kwa sababu akiiachia inarudi nyuma kiasi. Kile kinachorudi ndicho alichokieleza Mwalimu, na kile kinachobaki kimepinda ni chuma kilichokwisha kupita kikomo. Nondo ya chuma laini yenye urefu wa mita 1 hurefuka milimita 1.25 tu kabla ya kufika hapo, wala jicho halitakuonya.

Seremala wa Masaka
Kwa heshima zote, wazee wangu, mmelinganisha boriti za vipimo sawa, na hakuna anayejenga hivyo. Kimo cha boriti kina uzito kuliko aina ya kitu chenyewe. Mbao ya 6 kwa 2 ikilazwa hunepa mara 9 zaidi kuliko ikisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, na ukitoka inchi 6 kwenda inchi 8 mnepo hupungua kwa zaidi ya nusu. Ukiweka nguzo katikati, ili kila upande uwe na boriti yake ya mita 2, kila boriti itanepa sehemu moja tu ya kumi na sita ya ile ya mita 4, ikiwa magunia yametandazwa sawasawa. Mbao nzuri, zilizokaushwa, zikasimamishwa wima na kupewa nguzo, zitatosha kabisa.

Mhandisi, Kampala
Seremala amesema kweli, lakini ameruka muda. Mbao iliyobebeshwa mzigo miezi mingi huendelea kunepa polepole hata kama hakuna gunia lililoongezwa, na ikiwa ilifungwa mbichi, mnepo wa mwisho unaweza kuzidi mara mbili ule wa siku ya kwanza. Zege nalo lina tabia hiyo, hasa nguzo za muda zikiondolewa kabla halijakomaa. Chuma katika joto la kawaida hakina.

Ukichagua zege, kumbuka kwamba uwezo wake wa kuhimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kuhimili kugandamizwa. Boriti inayokaa juu ya kuta mbili huvutika upande wa chini, kwa hiyo nondo kuu zikae chini, nao mkono unaotokeza nje ya ukuta huzitaka juu. Kipimo kinachotumiwa mara nyingi cha mnepo unaokubalika ni urefu wa boriti kugawanya kwa 250, na kwako hiyo ni milimita 16.

Mjenzi wa Kasese
Nawashukuru sana. Nguzo ya katikati haizuii njia ya magunia, basi tutachukua mbao kavu za inchi 8 kwa 2. Nitajuaje kama zinaendelea kunepa?

Seremala wa Masaka
Kabla ya kupakia, vuta uzi chini ya boriti kutoka ncha hadi ncha, pima nafasi iliyopo katikati, kati ya uzi na boriti, na uiandike ukutani kwa penseli. Pima tena baada ya kupakia, kisha kila mwezi. Namba ikiendelea kupungua bila mzigo kuongezeka, punguza magunia ya katikati na uyasogeze karibu na kuta.