Nani alimwanzisha mbwa wa Rhodesian Ridgeback: chama cha Bulawayo au Wakhoikhoi?

Mfugaji wa Arusha ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Jirani yangu aliyehamia Ulaya ameniachia mbwa jike wa aina ya Rhodesian Ridgeback, yule mwenye mstari mgongoni ambao manyoya yake yamelala kuelekea kichwani badala ya mkiani. Wengine wananiambia kwamba aina hii ilianzishwa na chama cha walowezi mjini Bulawayo mwaka 1922, na wengine wanashikilia kuwa ni mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa kusini mwa Afrika, tangu kale. Lipi ni la kweli? Na kwa nini jina la Rhodesia halikufutwa nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1980 ikawa Zimbabwe?

Mwalimu wa historia:

Ndugu mfugaji, yote mawili yana ukweli, ila chama kimepewa sifa kuliko kinavyostahili. Mbwa wenye mstari mgongoni walikuwa kwa Wakhoikhoi huko Rasi ya Tumaini Jema kabla ya walowezi kufika, nao wakachanganyika na mbwa walioletwa kutoka Ulaya. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alikwenda na majike wawili wa namna hiyo hadi misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo, ambako mwindaji Cornelius van Rooyen aliwapandisha na mbwa wake ili apate mbwa wa kumzingira simba na kumbabaisha mpaka mwenye bunduki afike.

Mwaka 1922 Francis Barnes aliwaita wenye mbwa hao mjini Bulawayo ili waunde chama na kuandika vigezo. Kazi ikawa ngumu, kwa sababu mbwa walioletwa walitofautiana kimo, rangi na umbo, na kila mtu alimwona wa kwake kuwa ndiye hasa. Mwamuzi wa maonyesho ya mbwa, B. W. Durham, alisimulia baadaye kwamba ilibidi wachague kimo kwa mbwa mmoja, kichwa na shingo kwa mwingine, miguu kwa wa tatu, hadi mbwa wapatao watano wakatoa picha ya mbwa mmoja ambaye siku hiyo hakuwapo uwanjani. Maneno yenyewe yaliigwa kwa sehemu kubwa kutoka vigezo vya Dalmatian, mbwa mweupe mwenye madoa. Kwa hiyo chama hakikumzaa mbwa huyu. Kilichagua yupi aandikishwe na yupi aachwe.

Daktari wa mifugo:

Naomba kuongezea juu ya hao walioachwa. Kwa miaka mingi vitoto visivyo na mstari viliuawa vikiwa vichanga, ingawa vilikuwa na afya njema, jambo ambalo mimi naliona ni ukatili uliovikwa joho la kanuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba badiliko la kijenetiki linaloleta mstari ndilo pia linalowaweka mbwa katika hatari ya kuzaliwa na kijitundu kinachozama kutoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo. Mimi humkagua kitoto kwa kuivuta ngozi ya shingoni na kuipapasa kwa vidole. Kijitundu hicho huhisiwa kama uzi mgumu unaokataa kuachia ngozi.

Mwalimu wa historia:

Ahsante, daktari. Kuhusu jina, kufikia mwaka 1980 aina hii ilikuwa imekwisha kuandikishwa nje ya nchi, Marekani ikiwa imeitambua tangu 1955. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, linaloitambua kwa namba 146, limelibakiza jina lakini limeandika asili yake kuwa kusini mwa Afrika, na vigezo vimetolewa kwa pamoja na vyama vya Afrika Kusini na Zimbabwe.

Mfugaji wa Arusha:

Nawashukuru sana. Nimesoma kwamba mstari unatakiwa kuwa na vizingo viwili vya nywele vinavyotazamana nyuma ya mabega. Jioni hii nimemshika wangu chini ya taa nikahesabu mara mbili: anavyo vitatu.

Mwalimu wa historia:

Basi kwenye maonyesho hatafika mbali. Muulize daktari kuhusu chanjo, na lango mwachie mbwa wako alilinde.