Gharama za usalama wa data za kadi: mzigo huu ni wa nani?

Mleta mada: Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki. PCI DSS, yaani kiwango cha usalama wa data za kadi za malipo, ilitoka mwaka 2004, na tangu 2006 inasimamiwa na baraza lililoundwa na Visa, MasterCard, American Express, Discover na JCB. Wao ndio waliotunga kanuni, ila mfuko unaotoboka ni wa mfanyabiashara: skani ya kutafuta udhaifu wa mifumo kila robo mwaka, majaribio ya udukuzi, kumbukumbu za mfumo kutunzwa mwaka mzima. Ukivunja, faini inapitia benki yako, nayo inakutupia wewe. Na ile namba tupu inayotosha kununulia kitu mtandaoni ni bidhaa yao! Kufuli bovu kaleta fundi, kwa nini mpangaji ndiye aajiri mlinzi?

Mchangiaji 1: La kufuli nakupa. Lakini usitutishe: kwa Visa na MasterCard, ukaguzi ule mkubwa wa kila mwaka ni wa wenye miamala zaidi ya milioni 6 kwa mwaka. Wadogo wanajaza dodoso la kujitathmini. Sisi tulijaza lile refu, likatutoa jasho miezi mitatu, kumbe chanzo ni jedwali moja la namba za kadi ambalo hakuna aliyelitumia. Humo zilikuwemo hadi tarakimu 3 za nyuma ya kadi, ambazo muamala ukishaidhinishwa ni marufuku kuzihifadhi (aibu hiyo naibeba). Tulifuta, ukurasa wa malipo tukamwachia mtoa huduma, dodoso likabaki kurasa chache. Ghali ni kung'ang'ania data usiyoihitaji.

Mleta mada: Na anayeendesha ukurasa wake mwenyewe? Toleo la 4 linamtaka, tangu 31 Machi 2025, ajue kila skripti (kipande cha programu kinachoendeshwa kwenye ukurasa) iliyomo na sababu ya kuwepo kwake. Duka la watu wawili litamtoa wapi mtu wa kazi hiyo?

Mchangiaji 2: Mimi sigombani na bei, nagombana na cheti cha kuonyesha umetimiza kiwango. Heartland, kampuni ya Marekani ya kuchakata malipo ya kadi, ilikuwa nacho, na mwaka 2008 wezi walikuwa ndani wakizoa kadi kwa mamilioni.

Mchangiaji 1: Cheti ni picha ya siku ya ukaguzi. Kiwango chenyewe kinataka kumbukumbu zipitiwe kila siku. Nani humu anazipitia?

Mleta mada: Sisi hatuzipitii, nasema kweli. Hatuna mtu. Ndiyo maana nauliza mshahara wake utoke wapi.