Mzee anapasuliwa tezi dume Jumatatu, nimpe dawa ya kupunguza kuvuja damu?

Mwana wa Chamwino: Wakuu, mzee wangu ana miaka 71. Mwezi mzima anatembea na mpira wa mkojo, mfuko kauficha ndani ya kanzu. Jumatatu anapasuliwa hapa Dodoma. Tumeambiwa tupeleke ndugu wawili wachangie damu, hapo ndipo hofu iliponiingia. Nasikia traneksamiki inapunguza kuvuja. Nimpe?

Zabibu Chachu: Baba yangu mdogo alipasuliwa Singida. Mkojo ulikuwa kama juisi ya rozela siku tatu, ukasafika. Sasa yuko shambani, alizeti yake mwaka huu usipime.

Nesi wa Zamu: Dawa hiyo Wajapani waliitangaza mwaka 1962. Inazuia bonge la damu lisiyeyuke mapema, maana mkojo wenyewe una kimeng'enya cha kuyeyusha mabonge. Lakini anayeamua ni daktari. Mzee anatumia dawa gani nyingine?

Mwana wa Chamwino: Za presha tu.

Nesi wa Zamu: Hajawahi kupooza? Kuvimba mguu?

Mwana wa Chamwino: Mguu ulivimba mwezi wa pili, wakasema damu imeganda. Anameza wafarini, ile ya kuzuia damu isigande. Daktari wa upasuaji sijamwambia, ataahirisha, na hela ya alizeti nimeshalipa. Traneksamiki nimempa vidonge viwili jana, vya mke wangu vya hedhi nzito. Naona zitasawazishana.

Babu Kondoa: Mzazi hafichiwi ugonjwa wake, kijana. Mzee mwenyewe umemuuliza?

Fundi Baiskeli: Hii chai. Nani anampa baba yake dawa ya hedhi?

Mwana wa Chamwino: Si chai kaka. Kadi yake ya wafarini ninayo mkononi, imekunjika pembe kwa kukaa mfukoni mwa kanzu.

Nesi wa Zamu: Chai au si chai, kuna mwingine anasoma na ana mzee ndani. Hazisawazishani. Bonge la mguuni likikatika linakimbilia kwenye mapafu, na traneksamiki inalilinda lisiyeyuke. Usimpe tena. Wafarini nayo usiisimamishe mwenyewe. Kwa kawaida huachwa siku kama 5 kabla ya upasuaji, kwa mpango wa daktari. Leo Ijumaa! Mpeleke sasa hivi, na kadi, na pakiti ya vile vidonge. Kuahirisha si hasara.

Fundi Baiskeli: Basi nisamehe mkuu. Wahi.

Mwana wa Chamwino: Bajaji imefika. Mzee anauliza mbona leo na Jumatatu bado. Nitamweleza njiani.