Ramani ya ufuo haina njia ya akina mama: tufanyeje kabla mpango haujapitishwa?

Swali
Ndugu zangu, mimi ni mjumbe wa kamati katika kijiji cha mwambao wa Tanga. Tumeletewa rasimu ya mpango wa matumizi ya ufuo, na ndani yake nimeona viwanja vya hoteli, mikoko, na ukanda wa mita 60 ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu. Sikuona njia wanayopita akina mama maji yakipwa, wakiwa na vijiti vyao vya kuchokolea pweza, wala mbuyu ambao wazee huuombea dua chini yake. Nilipouliza, niliambiwa kwamba hizo ni mila na hazina kipimo. Zinaingizwaje?

Jibu, kutoka Kilifi
Pole, ndugu. Huku Kuruwitu, mwaka 2005 wanakijiji wenyewe walitenga takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe, na eneo la namna hiyo tunaliita tengefu. Linaheshimiwa kwa sababu waliolifunga ndio waliokuwa wakilivua. Kwa hiyo msikubali mpimaji aje maji yakiwa yamejaa, kwani ataona maji matupu. Mwiteni wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na maji yakishapwa atembee na akina mama hadi mwambani, wamtajie kila mahali kwa jina lake naye aandike.

Jibu, kutoka kwa afisa mipango
Naunga mkono. Njia ichorwe kwa upana wake na kwa jina lake, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao ndio unaoidhinisha mpango, uitaje katika muhtasari. Kuhusu mbuyu, waulizeni wazee kwanza, maana wengine hawataki mahali pa dua paonekane kwenye ramani ya kila mtu. Panaweza kuandikwa hifadhi tu, bila maelezo.

Jibu, kutoka Kwale
Naongeza jambo moja. Mradi wa Mikoko Pamoja hapa Gazi na Makongeni, ulioanza mwaka 2013 kwenye hekta 117 za mikoko, huuza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo huihifadhi, na wanakijiji ndio huamua fedha ziende kwenye maji, shule au kwingineko. Hata hivyo kijiji hakina sauti moja: mchoma chokaa anautazama mkoko kwa jicho lake, na mvuvi wa kamba kwa lake. Wasikilizeni kila kundi peke yake kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu mbele ya wanaume wengi akina mama wa pweza hunyamaza.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nitaomba mpimaji arudi bamvua ijayo, na nitawaendea akina mama kwanza.