Kunguru wanachafua maji ya kuku

Swali: Wenzangu, nina kuku 23 wa kienyeji hapa Kisauni. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu wanatua kwenye karai la maji, wanakunywa na kunya humo humo. Juzi mmoja kaangusha utumbo wa kuku uani. Mwaka jana mdondo, huo ugonjwa wa kuku wa Newcastle, ulinimalizia banda zima. Nililia. Nifanyeje?

Mama wa Likoni: Pole mwanangu. Maji na chakula tia ndani, banda lizungushie wavu hadi juu. Utumbo ufukie chini sana, usiushike mkono mtupu.

Mfugaji Changamwe: Mdondo hauna dawa, ni virusi. Chanja kwa tone la jicho kila miezi 3, kuku wangali wazima.

Muulizaji: Shukran mama. Wavu nanunua leo.