Kubadili meno ya spoketi za pikipiki: unapata nini, unapoteza nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za kazi. Kila siku kuna mtu anauliza afunge spoketi (gurudumu la meno linaloshika cheni, moja mbele kwenye injini na moja nyuma kwenye tairi) ya meno mangapi ili pikipiki ikimbie, na mwingine anauliza mangapi ili ipande mlima ikiwa na mzigo. Tukusanye majibu sehemu moja. Ukichangia, taja meno ya zamani mbele na nyuma, meno mapya, aina ya barabara na uzito unaobebwa. Ukisema "inavuta vizuri" bila namba, mwenzako hana cha kufanyia kazi.

Naanza na hesabu. Chukua meno ya nyuma, gawa kwa meno ya mbele. Tuseme una 14 mbele na 42 nyuma: 42 ÷ 14 = 3.00. Maana yake spoketi ya mbele inazunguka mara tatu ili tairi la nyuma lizunguke mara moja. Namba hiyo ikipanda, pikipiki inakuwa nyepesi kuondoka na kupanda, lakini mwendo kwa kila gia unapungua. Ikishuka, kila gia inakuwa ndefu na pikipiki inakuwa nzito kuondoka. Nguvu ya injini inabaki ileile. Spoketi inabadilishana tu mwendo na msukumo.

Kwa mfano huohuo: ukitoka 14 kwenda 13 mbele, 42 ÷ 13 = 3.23, msukumo kwenye tairi unaongezeka kwa 7.7%, na kwa mizunguko ileile ya injini mwendo unapungua kwa 7.1%. Ukienda 15, unapata 2.80: msukumo unapungua kwa 6.7% na mwendo kwa mizunguko ileile unaongezeka kwa 7.1%. Ukiacha mbele 14 na kufunga 45 nyuma unapata 3.21, karibu sawa na kupunguza jino moja mbele. Ndiyo maana mafundi husema jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma.

Msiige meno ya pikipiki ya jirani hata kama ni chapa ileile. Spoketi hubadilishwa mikononi mwa watu na matoleo hutofautiana. Namba mara nyingi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ikiwa imefutika, weka alama ya chaki kwenye jino moja na uhesabu kuzunguka.

Mdau, Lushoto

Huku kwetu 13 mbele ndiyo jibu kwa anayebeba mbogamboga na matunda. Barabara ya Mombo kupanda Lushoto ina kona kali, na kinachoitesa pikipiki ni kutoka kwenye kona ikiwa imepungua mwendo huku mzigo uko mgongoni. Ikiwa na 14, gia ya pili inakataa, ya kwanza inapiga kelele, na dereva anaanza kuchezea klachi katikati ya gia hizo mbili. Hapo ndipo sahani za klachi zinapoungua. Ukiweka 13, gia ya pili inashika pale ilipokuwa inakufa.

Faida nyingine ambayo watu hawaisemi: kushuka. Injini inashika zaidi kwa kila gia, kwa hiyo breki za ngoma hazichemki upesi. Kwa anayeshuka na magunia hili ni suala la uhai. Shuka na gia ya pili au ya tatu, usikate klachi, usizime injini eti kuokoa wese.

Hasara: ukifika Mombo ukaelekea Korogwe kwenye lami iliyonyooka, pikipiki inapiga kelele mapema na mtetemo unaingia mikononi. Iliyokuwa na mizunguko 5,000 kwa dakika ukiwa 60 km/h sasa inazunguka takriban 5,385 kwa mwendo uleule. Wese linaongezeka kwenye tambarare. Mlimani linaweza hata kupungua, kwa sababu hukai gia ya kwanza muda mrefu na klachi haitelezi.

Mdau, Dar es Salaam

Niseme upande wa pili, 15 mbele. Wengi wanadhani jino moja zaidi linaongeza spidi ya mwisho moja kwa moja. Inategemea kama injini ina nguvu iliyobaki. Upepo unaokupinga unaongezeka kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayotakiwa kuushinda inaongezeka kwa mchemraba. Pikipiki ya cc 125 au 150 yenye abiria, ikifika 80 au 90 km/h imeshamaliza ilichonacho. Ukiirefusha gia, inakosa pumzi kabla ya kufika kwenye mizunguko yenye nguvu, na spidi ya mwisho inashuka badala ya kupanda.

Kipimo cha kufanya kabla hujanunua: tafuta barabara tambarare isiyo na watu, uzito wako wa kila siku, gia ya mwisho, vuta resi yote. Kama injini inalia kwa juu kabisa na inaonekana ingetaka gia nyingine, 15 itakufaa. Kama inapanda polepole kisha inaganda, au ukirudi gia moja nyuma inakimbia sawasawa na ile ya mwisho, gia yako tayari ni ndefu. Kuongeza jino hapo ni kuharibu.

Na kwa bodaboda wa mjini wa kusimama kila mita mia, 15 ni adui wa klachi. Kila kuondoka unaiachia klachi kwa muda mrefu zaidi, na ukibeba mshkaki (abiria zaidi ya mmoja) ndiyo kabisa. Dalili za gia ndefu kupita kiasi: injini inagonga au kutikisika ukivuta resi kwenye mwendo mdogo, inachemka jioni kwenye foleni, na klachi inaanza kuteleza mapema.

Kuhusu kuchanganya, yaani kuongeza mwendo haraka: ni kweli 13 inachanganya upesi ndani ya gia moja. Lakini kama gia ya kwanza ilikuwa inaishia 30 km/h, sasa inaishia takriban 28, na kila gia vivyo hivyo. Unabadilisha gia mapema, na kila ukibadilisha, msukumo unakatika kwa muda. Kutoka 0 hadi 40 utaiona tofauti. Kutoka 0 hadi 70 faida inaweza kuliwa yote na gia moja ya ziada.

Mdau, Iringa (fundi)

Nieleze ufungaji, maana matatizo mengi yanayolaumiwa kwa spoketi ni ya ufungaji.

Osha eneo la mbele kwanza. Fungua kava, na kabla hujaitoa cheni legeza boliti za spoketi ya mbele huku mtu amekanyaga breki ya nyuma. Cheni ikishatoka, spoketi inazunguka na utabaki kupigana nayo. Pikipiki nyingi ndogo zina sahani ya kufungia yenye boliti mbili ndogo: inaingia kwenye meno ya shafti, inazungushwa kidogo kwenye mfereji, kisha inafungwa kwenye spoketi. Ukisahau kuizungusha, spoketi itatoka ukiwa barabarani. Boliti hizo ni za milimita 6, kwa hiyo usizikaze kwa mkono wa spana kubwa, zinakatika.

Legeza nati ya ekseli, adjasta (boliti za kurekebisha ukazaji wa cheni) za pande zote mbili, na ile fito ya chuma inayoshika sahani ya breki. Toa klipu ya loki ya cheni, badilisha spoketi, rudisha. Upande uliozibwa wa klipu uelekee kule cheni inakoenda. Ukiigeuza, kitu kikiigusa inachomoka.

Kwa cheni ya 428 (hiyo ni namba ya saizi ya cheni), kila jino moja linasogeza ekseli kwa takriban milimita 3. Ukipunguza jino moja mbele, tairi linarudi nyuma milimita 3. Ukiongeza matatu nyuma, linakuja mbele karibu milimita 10, na hapo adjasta zinaweza kuishiwa nafasi. Cheni huongezwa pingili mbili mbili, na mbili zinasogeza ekseli milimita 12.7. Pima nafasi iliyobaki kwa rula kabla ya kwenda dukani.

Sasa hili ndilo linalosahaulika kila siku: breki ya nyuma ya ngoma. Tairi likirudi nyuma, fimbo ya breki inavutika na breki inaanza kushika yenyewe. Ngoma inachemka, pikipiki inakuwa nzito, na mwenyewe anasema "spoketi mpya haivuti". Tairi likija mbele, pedali inazama. Kila ukigusa ekseli, rekebisha nati ya fimbo, zungusha tairi kwa mkono, kisha hakikisha taa ya breki inawaka.

Ulegevu wa cheni pima katikati ya upande wa chini, juu na chini jumla milimita 25 hadi 30 kwa pikipiki nyingi za kazi, au namba ya kitabu chako. Zungusha tairi na upime sehemu kadhaa, kisha rekebisha kwa kufuata sehemu iliyokaza zaidi. Cheni iliyokazwa sana inaua bearing ya shafti ya gia na oil seal yake. Alama za adjasta mara nyingi hudanganya, hivyo pima kwa kamba kutoka pini ya mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi la nyuma) hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia ziwe sawa.

Mdau, Morogoro

Fundi kamaliza. Naongeza moja: usifunge spoketi mpya kwenye cheni iliyochakaa. Kwa 428, nyoosha cheni na upime pingili 20, kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259, tupa, badilisha seti nzima. Cheni iliyorefuka inakaa juu ya meno na inakula spoketi mpya ndani ya muda mfupi.

Na mkumbuke 420 na 428 zina pichi (umbali wa pini hadi pini) ileile ya milimita 12.7 lakini upana tofauti. Spoketi ya 420 inakubali kuingia kwenye cheni ya 428, halafu inachezacheza pembeni. Soma namba ya cheni ubavuni.

Mdau, Nakuru

Hapa Kenya watu wengi hubadilisha ya mbele kwa sababu ni rahisi kwa bei na kazi ni ya nusu saa. Kwa kujaribu, sawa. Lakini ukishajua gia unayoitaka na unataka idumu, afadhali uongeze nyuma. Kwenye meno 14 kila pingili inapinda digrii 25.7 ikizunguka mbele, kwenye 13 inapinda 27.7, na mvuto ndani ya cheni unaongezeka kwa 7.7% injini ikivuta kwa nguvu ileile. Cheni pia inashuka karibu zaidi na raba inayolinda mkono wa nyuma, na raba ikiisha inaanza kula chuma. Chini ya 13 kwa pikipiki ya mizigo mimi siungi mkono.

Kwa wenye pikipiki kubwa: angalia mita ya spidi inasomwa wapi. Ikiwa waya wake unatoka tairi la mbele, haiathiriki. Ikiwa kihisi kiko kwenye gia upande wa injini, ukitoka 14 kwenda 13 mita itasoma 60 ukiwa kwenye 55.7 halisi. Kilomita nazo zitajaa haraka kuliko safari yenyewe, na hesabu yako ya mafuta itaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Mdau, Mbeya

Kuna jambo la tairi. Ukibadilisha tairi la nyuma la 2.75-17 na kufunga 3.00-17, kipenyo kinaongezeka karibu 2%. Jino moja nyuma kati ya 42 ni 2.4%. Yaani aliyefunga 43 kisha akaweka tairi nene amerudi karibu alipokuwa. Taja na saizi ya tairi unapotoa ushuhuda.

Mdau, Dar es Salaam

Nimeulizwa pembeni kuhusu kuchanganya vyote, 13 mbele na 45 nyuma. 45 ÷ 13 = 3.46. Msukumo unaongezeka kwa 15%, na iliyokuwa inaenda 80 sasa kwa mizunguko ileile inaenda takriban 69. Inafaa kwa pikipiki ya shambani inayobeba mkaa au maziwa kwenye njia za mlima na haitoki lami. Kwa anayepita barabara kuu kati ya malori, ni hatari: huna mwendo wa kuyapita wala wa kuyakimbia.

Mdau, Iringa (fundi)

Naunga mkono. Kwa anayeifunga hivyo, kava la cheni lichunguzwe, 45 inaweza kugusa ndani. Fungua kava, weka spoketi, zungusha tairi kwa mkono mara kadhaa ukisikiliza, kisha mtu mzito akae ili shokapu zizame, uzungushe tena. Boliti za spoketi ya nyuma zikaze kwa kuvuka, moja na ya upande wa pili yake, na ukunje vibati vya kufungia. Vibati vilivyokunjwa mara nyingi vinakatika, weka vipya. Kabla ya kurudisha, angalia raba za ndani ya habu: zikiwa zimelegea, kila ukivuta resi utasikia "kaa" ya chuma, na spoketi mpya haitaiondoa. Baada ya kilomita 100 hadi 200 rudi ukaze boliti na upime ulegevu tena, kwa sababu cheni mpya hulegea mwanzoni.