Re: Orodha ya michango ya msiba

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Ahsanteni wote mliokesha na mjane. Naomba niseme kuhusu ile orodha.

Kila jioni ilibandikwa upya humu kundini: jina na kiasi, jina na kiasi, na chini yake "wengine tunawasubiri". Nia naielewa, hela za watu lazima zionekane. Lakini humu tuna vijana wanaofanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, wana ada za viza za kulipa na wadogo zao wanawasomesha nyumbani. Mmoja aliniambia aliweka pauni 10 pembeni, akafungua orodha, akakuta pauni 100, 150, 200, akaona haya kuzituma. Hata simu ya pole hakupiga. Kwetu aliyechota maji na aliyechanga mchele walikaa mkeka mmoja, na daftari la rambirambi lilishikwa na wafiwa wenyewe, ili wajue wa kumshukuru na wa kumkumbuka siku yake ikifika. Halikusomwa barazani.

Ombi langu: washika fedha wawe wawili, mmoja wa familia na mwingine wa nje. Hapa iwekwe jumla tu, iliyoingia, iliyotumika na iliyobaki. Kila aliyetoa ajibiwe pembeni, na daftari zima wapewe wafiwa pamoja na risiti.

La pili limeniuma zaidi. Taarifa ya kifo ilirushwa humu, ikiwa na picha, kabla familia haijajipanga. Mama mzazi alisikia kwa jirani mwenye simu wakati kaka mkubwa bado yuko njiani kwenda kumwambia. Jamani, tusubiri familia itoe ruhusa.

Halafu maneno ya "mbona hamsafirishi, hela zimeliwa?" Hapa Uingereza mwili hautoki kesho yake. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, kifo ambacho hakijapelekwa kwa ofisa wa uchunguzi wa vifo lazima kipitiwe na daktari mwingine maalumu kabla ya kusajiliwa. Na hata kikishasajiliwa, huyo ofisa lazima apewe taarifa kwamba mwili unatoka nje ya nchi, na kwa kawaida mnangoja siku 4 kamili, isipokuwa akikubali kuharakisha. Bado cheti cha mwili kutiwa dawa ya kuuhifadhi, jeneza lenye zinki, karatasi za ubalozi na nafasi ya mizigo kwenye ndege. Mjane alikuwa anayasoma maneno yale.

Dada yenu, Reading

—

Dada, shukrani. Orodha nilikuwa naibandika mimi, na bado naona ina kazi yake. Tukiweka jumla peke yake watu wanalala. Jina likionekana, mwenzake anakumbuka. Kiasi tukiondoe, hapo sina ubishi, lakini majina yabaki.

Coventry

—

Assalaam alaykum. Nami niongeze moja. Kabla ya kufungua mchango, familia iulizwe kwanza inataka nini. Waislamu wengi tunazika hapa hapa, tena upesi. Msiba wa mwaka jana watu walishaanza kuchangia tiketi za ndege, kumbe watoto wa marehemu walikuwa wanatafuta kaburi na wanawake wa kumwosha mama yao. Waoshaji ndio walikuwa adimu, fedha zilikuwepo. Jambo la picha naliunga mkono kwa nguvu zote.

Birmingham

—

Kaka wa Coventry, majina bila kiasi nakubali, mradi asiyetaka lake lionekane aachwe. Na yale ya "tunawasubiri" yaondoke kabisa. Ndugu wa Birmingham, hilo la kuuliza kwanza ndilo liwe la mwanzo kabla ya yote.

Sasa kazi iliyopo. Siku ya kusajili kifo, mjane alipewa namba ya kumbukumbu ya kuziarifu idara nyingi za serikali kwa mara moja: pensheni, leseni ya udereva, pasipoti, kodi ya halmashauri. Namba hiyo hutumika ndani ya siku 84 tu, na bado hajaigusa. Fomu ni ya Kiingereza na yeye kwa sasa hana nguvu ya kusoma. Anahitaji mtu mtulivu wa kukaa naye Jumamosi mchana, na mwingine wa kuwatoa watoto nje kidogo. Mwenye nafasi aniandikie mimi moja kwa moja, asijibu hapa.

Reading